Andika Vyote Viwili: Maneno ya Arobaini ya Babu Yetu, Ngamiani, Tanga

Haya ndiyo maneno niliyoyasema siku ya arobaini ya babu, baada ya hitima, pilau likiwa bado halijapakuliwa. Nimeyaandika kwa ajili ya jamaa wa Mombasa, Dar es Salaam na Maskati ambao hawakuwahi kufika. Pale sauti iliponikwama nimemalizia hapa.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashehe wetu, wazee wangu, mama zangu mlioko upande wa pili wa turubai, majirani wa barabara yetu, na nyinyi wafanyabiashara mliofunga maduka saa hizi za biashara kwa ajili ya mwenzenu. Na wewe Bibi, uliye ndani edani mwako, najua umesogeza kiti karibu na dirisha. Nitasema taratibu. Nikikosea, gonga.

Mnakumbuka siku ya maziko? Baba mdogo alisimama pale kaburini akasema lile tunalolisema kwa kila maiti: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu ajitokeze. Watu kimya. Mtu kauza duka miaka karibu 60, hadai, hadaiwi! Najua mlisema moyoni, mzee huyu kafunga hesabu zake vizuri.

Jioni yake akaja bi mkubwa mmoja, kaletwa na bodaboda, mkongojo mkononi. Tukamvutia kiti, akakataa. Akatoa mkobani mche wa sabuni, umezongwa gazeti, akanikabidhi. Akasema: "Nilikuwa nadaiwa kipande. Nimeleta mche mzima. Si riba hiyo, ni shukrani." Akapanda bodaboda yake akaenda zake. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Huyu bibi akili zake ziko sawa?"

Ziko sawa, mdogo wangu. Za kwetu ndizo zilikuwa hazijui. Leo nitawaeleza habari ya ile sabuni, lakini siwezi kuanza na sabuni. Lazima nianze na namba.

Babu alizaliwa mwaka 1941 kwenye kambi ya shamba la mkonge. Sisi watu wa Tanga mkonge hatufundishwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mjerumani mmoja, Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa huku upande wa Pangani. Miche 62! Kutoka hiyo, nchi hii ikaja kuongoza dunia nzima kwa katani. Sasa niwaulize, ule mkonge ulijikata wenyewe?

Waliukata manamba. Vijana walioandikishwa mkataba Kigoma, Songea, Iringa, wakaletwa huku kwa mamia na kupewa namba. Baba yake babu alitoka Kigoma. Jina lake alilopewa na wazazi lilibaki kwao. Shambani walimjua kwa namba. Na kila mmoja alikuwa na kadi yake, ikiitwa kipande. Ukimaliza kazi ya siku, kipande kinatiwa alama. Alama 30 zikitimia, ndipo unapewa mshahara. Siku uliyougua haipo. Siku ambayo nyapara hakuridhika na mzigo wako, nayo haipo.

Huyu baba mtu hakujua kusoma. Kwa hiyo kila jioni alifunga fundo kwenye uzi wa katani, siku moja fundo moja. Babu alitusimulia hili mara nyingi mno, tukimwona anarudia maneno, kumbe anarudia jeraha. Mafundo yalisema 30. Kipande kikasema 26. Sasa nani atasikiliza mafundo? Karani anaangalia kipande.

Ndipo Babu akapelekwa shule. Nyumba nzima haikuwa na mtu mwenye hamu ya elimu. Alipelekwa akajifunze kusoma kipande cha baba yake. Na tangu hapo mpaka anakufa, Babu hakuamini kitu ambacho hakijaandikwa.

Mkitaka kujua namba zimetufuata kiasi gani, tazameni: tunaishi Ngamiani, mitaa yetu haikupewa majina ya mashujaa, imepewa namba. Mimi mjukuu nafundisha hesabu. Na miaka michache iliyopita nilipombandikia Babu dukani ile karatasi ya "lipa namba", ya wateja kulipia kwa simu, alivaa miwani akaitazama kwa muda. Akaniuliza: "Baba yangu walimpa namba wakawa wanamkata. Na mimi nimepewa namba. Nitakatwa?" Nikamwambia, kuna makato kidogo, Babu. Alicheka mpaka akapaliwa.

Alianza kwa kubeba magunia kwenye duka la Mhindi mmoja, halafu akasogezwa kwenye mizani, na mwaka 1965 akafungua duka lake, hili hapa, mlango mmoja, rafu mbili, na debe la mafuta ya taa lililokaa palepale pembeni mpaka sakafu ikafanya alama ya duara. Alama ipo. Wajukuu tuliichezea.

Mnaikumbuka mikono yake? Mimi bado naiona. Anachukua karatasi ya gazeti, anaiviringisha kama pembe, anaikunja ncha kwa kidole gumba. Anatia sukari. Anaweka kwenye sahani ya mizani, jiwe la robo upande ule. Anasubiri. Hasemi na mtu. Mshale ukisimama katikati, anachota punje chache kwa ncha ya vidole viwili, anadondosha, mpaka sahani ya mteja inazama kidogo tu, kama unywele. Hapo ndipo anakutazama usoni. Watoto tulikuwa tunaona anachelewesha. Majirani wengine, naomba mnisamehe, mkimwita bahili. Wengine mpo hapa, mnacheka! Lakini kuna mtu hata mmoja aliyewahi kurudi kwenye lile duka akasema robo yangu imepungua? Yuko wapi? Mimi simwoni.

Na hawa vijana wa sasa, ambao kwao kila mwenye duka ni Mangi, kama machifu wa Wachaga, wakawa wanakuja na mia mbili yao, "Mangi, nipimie mafuta." Mtoto wa mtu wa Kigoma, kazaliwa mkongeni, kaoa Mdigo wa Tanga, anaitwa Mangi! Mwanzo alinuna. Mwisho akawa anaitika.

Sasa tuje kwenye vita.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaingia Kagera. Siku tatu baadaye Mwalimu Nyerere akazungumza. Redio ya Babu ilikuwa juu ya kaunta, barabara nzima ikajaa pale mlangoni, waliokosa nafasi wakasimama juu ya baiskeli zao kwa kushika ukuta. Wazee wangu mnakumbuka: uwezo, sababu, nia. Babu alikuwa mgambo tayari, ana miaka 37, ana watoto wanne. Bibi anasema hakumuaga kwa hotuba. Alimkabidhi vitu vitatu: ufunguo, mawe ya mizani, na daftari. Akasema, "Andika kila kitu." Basi.

Walipanda treni hapa Tanga, ikazungukia Ruvu, ikashika reli ya kati hadi Mwanza, halafu meli hadi Bukoba. Wengi wao hawakuwahi kuona maji yasiyo na chumvi yakawa mengi namna ile. Babu alisema mwenzake mmoja aliyaonja ndipo akaamini.

Lakini kabla sijamfuata Babu vitani, nibaki kidogo hapa dukani. Tunasema "duka la Babu". Tuulizane kwa haki: toka mwisho wa 1978 hadi mwanzo wa 1980, lilikuwa duka la nani? Nani aliamka alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye ghala la kampuni ya biashara ya mkoa, mtoto mgongoni, kuambiwa njoo kesho, kwenda kesho kuambiwa njoo Jumatatu? Nani, rafu zilipobaki nyeupe, akatoa sufuria zake za harusi akawa anachemsha muhogo na kuuza hapo hapo kwenye kaunta? Alisema: "Kitu ambacho hakikukosekana Tanga ni chumvi. Nikaona, basi nitafute cha kutia hiyo chumvi." Muhogo na chumvi ndivyo vilivyomlea baba yangu. Bibi, watu wanakupigia makofi huku nje. Yasikie.

Na barua ilikuja moja tu. Bibi kaniruhusu nisome mstari mmoja. Brigedi yao ilipita Kyaka, pale ambapo daraja la mto Kagera lilikuwa limelipuliwa na maadui, wahandisi wetu wakawa wameweka jingine la kuvukia. Walipofika ng'ambo wakakuta vijiji vimeporwa, ng'ombe wameswagwa, na kiwanda cha sukari cha Kagera kimenyang'anywa. Wenzake waliandika nyumbani habari za mizinga. Babu aliandika hivi: "Nimekiona kiwanda cha sukari kimeporwa. Sukari itakuwa shida. Ukiipata usiuze kilo, uza robo, kila mtu apate."

Ndugu zangu, mtu yuko vitani, hajui kama ataiona kesho, anafikiria robo ya sukari ya mtu wa Ngamiani! Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa chini.

Alirudi mwanzoni mwa 1980, amekonda, anakohoa, na mzaha wake kauacha hukohuko. Alikuta utabiri wake umetimia. Vita vilikula fedha za nchi, mafuta yalipanda bei duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa tangu 1977 na mpaka wetu na Kenya umefungwa. Mwalimu alituambia tufunge mikanda miezi 18. Wazee, mlifunga miezi 18? Mkanda wangu, alisema Babu, ulifika tundu la mwisho nikatoboa jingine kwa msumari. Sabuni kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Unga wa njano. Dawa ya meno, watu wakarudi kwenye mkaa na mswaki wa mti.

Sasa ndipo inapokuja sabuni.

Machi 1983 serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Msako nchi nzima. Aliyekutwa na bidhaa asizoweza kueleza zilikotoka, anachukuliwa. Mnakumbuka yale mambo? Watu walitupa vitu usiku, wengine wakafukia uani, wengine wakachoma. Na chini ya kitanda cha Babu, pale ndani, zilikuwepo katoni mbili za sabuni ya miche.

Zilitoka wapi? Bibi, niseme? Sijasikia dirisha kugongwa, nasema. Zilitoka Kenya, mpaka ukiwa umefungwa, kwa njia ya panya. Ndiyo. Askari wa Kagera, mtu aliyekwenda kupigania mipaka ya nchi hii, alikuwa na katoni mbili zilizovuka mpaka bila kibali. Mwanangu mkubwa alinisihi nisiliseme hili mbele ya watu. Lakini mtaona baadaye kwa nini nalazimika.

Jirani akaja usiku: kesho wanaingia barabara hii. Watu wakamshauri, Mzee, kazitupe baharini, bahari ile pale. Babu akasema, watu hawana sabuni, samaki wataoga za nini?

Akawasha koroboi. Akatoa waya wa breki ya baiskeli, akaufunga vijiti ncha mbili, akawa anakata mche mmoja baada ya mwingine. Baba yangu alikuwa mtoto, anasema alilala kwa harufu ya sabuni, akaamka usiku wa manane bado ule waya unapita, chwii, chwii. Halafu wakatoka, Babu na Bibi, kila mmoja upande wake wa barabara, kikapu mkononi, wanagonga milango. Nyumba kwa nyumba, kipande kimoja kimoja. Na kila waliporudi kujaza kikapu, Babu aliketi akaandika. Jina, "sabuni, kipande 1". Jina, "sabuni, kipande 1". Alipomaliza adhana ya alfajiri ilikuwa inasikika. Majina 71.

Wakaguzi wakafika saa tatu asubuhi. Nyumba inanuka sabuni kama dobi. Wanapekua, hawaoni mche. "Mzee, sabuni iko wapi?" "Imeisha." "Umeuza bei gani?" "Sijauza. Nimekopesha." "Kwa nani?" Akawapa daftari.

Mkubwa wao akawa anasoma majina kwa kidole, anashuka taratibu, anashuka, mpaka akafika mahali kidole kikasimama. Alikuwa amekuta jina la mama mkwe wake.

Akalifunga daftari. Akasema, "Mzee, ondoa hivi vipande vya katoni hapa." Wakaenda mlango wa pili.

Daftari lenyewe ninalo. Kati ya majina 71, yaliyopigwa mstari kwa kulipa ni 52. Yaliyobaki 19 hakuyadai kamwe, wala hakuyafuta. Na jina la bi mkubwa yule aliyekuja na bodaboda ni la 64. Nilimfuata nyumbani kwake wiki iliyopita. Akaniambia usiku ule alikuwa na mtoto wa siku nane, nepi zimerundikana kwenye beseni, anazifua kwa majivu. Mtoto mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango, ana mvi.

Mnaona hilo neno kipande lilivyo? Baba mtu alinyimwa siku zake kwa kipande. Mwana akaja kuwagawia watu kipande. Babu hakuwa mtu wa kucheza na maneno, sidhani kama aliliwaza. Ni mimi tu mwalimu nisiye na kazi.

Sasa, mashehe wangu, arobaini ina desturi yake. Tunamtaja marehemu kwa mema. Na mimi ningeweza kuishia hapo kwenye sabuni, tukala pilau, kila mtu akaenda na Babu mweupe kama bafta. Lakini ngoja.

Babu alikuwa na kaka yake, mnamjua, Mungu amrehemu naye. Alikuwa na kiduka kijijini upande wa Muheza. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, yafunguliwe ya kijiji. Kaka mtu akapakia bidhaa zake zote akazileta hapa, akasema, mdogo wangu niuzie. Babu akaziandika, akaziuza, akampa fedha. Kaka mtu akasema zimepungua. Babu akasema daftari halidanganyi. Kaka akasema, basi daftari lako na mimi tumeachana.

Miaka 11. Ndugu wa tumbo moja. Babu alipotoka vitani, kaka mtu hakuja kumpa pole. Kaka alipofiwa na mtoto, Babu alituma mtu. Wazee mlisuluhisha mkashindwa, kwa sababu Babu alikuwa na jibu moja: nimeandika. Mimi naona, na Bibi atanisamehe, kwamba kulikuwa na kiburi humo. Mtu aliyelelewa na kipande cha uongo alipopata kalamu yake mwenyewe, akaamini kalamu yake haiwezi kukosea.

Nimezipiga upya zile hesabu. Ukurasa wa pili, chini, kujumlisha. Amejumlisha tisa na nane akaandika saba, ile moja ya kubeba hakuibeba. Katika safu ya mamia! Mwanafunzi wa darasa la tatu angekosa alama.

Lakini si mimi niliyeligundua kwanza. Pembeni ya jumla ile kuna maandishi ya penseli nyekundu, mwaka 1987: "Nimekosea. Kaka alisema kweli." Aliligundua mwenyewe, usiku, akipekua madaftari ya zamani. Hakumwambia mtu. Shida ikawa moja: atalipa nini? Shilingi ya 1976 na ya 1987 si ndugu tena. Ile imeshashushwa thamani, unachonunua kwayo sasa ni kiberiti. Kumpelekea kaka yake fedha ileile ingekuwa kumpunja mara ya pili.

Babu alikuwa na baiskeli yake, Raleigh, kiti cha ngozi, dinamo inawaka. Nyinyi watu wa Tanga mnajua mtu na baiskeli yake. Asubuhi akaipaka mafuta mnyororo, akapanda, akaondoka. Jioni alirudi na basi.

Bibi akamuuliza, baiskeli iko wapi? Akasema, "Imefika kwa mwenyewe."

Nakaribia mwisho, nasikia sufuria zinagongana huko uani.

Vita. Mmekuwa mkisubiri niseme vita. Sisi wajukuu tulisubiri pia, miaka yote. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Babu alifunga duka nusu siku, akakaa barazani na redio mpaka shada zimewekwa. Ukimuuliza, "Babu, ulipigana wapi?" anajibu, "Nilibeba masanduku." "Uliua mtu?" "Nilibeba masanduku." Tukachoka. Wengine tukadhani labda kweli alikuwa mpagazi tu.

Mwaka 2023, usiku wa kuamkia tarehe hiyo, tulikuwa wawili tu hospitali, yeye kitandani, mimi kwenye benchi. Akaniambia, unajua kwa nini siwasimulii? Kwa sababu nyinyi mnataka nusu. Nikamwambia, nipe yote.

Akasema walikuwa wameshapita Masaka, brigedi ya 201, wengi wao mgambo kama yeye. Mahali panaitwa Lukaya. Barabara ya kwenda Kampala inapita kwenye kinamasi, mafunjo huku na huku, marefu kuliko mtu. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 wakashambuliwa, wanajeshi wa Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia. Roketi. Nayanukuu maneno yake kama alivyoyasema:

"Zilipita juu. Zote zilipita juu, zikaangukia nyuma yetu. Karibu yangu haikumpiga mtu hata mmoja. Lakini ule mlio, mjukuu wangu. Ule mlio unakuita kwa jina. Nikatupa sanduku nikakimbia. Buti moja likabaki kwenye tope. Nikajitia kwenye mafunjo, mimi na kijana mmoja wa Korogwe, maji ya kifua, mpaka kunakucha. Watu wanasimulia Novemba 1914 Waingereza waliposhuka hapa Ras Kasone na maelfu ya askari, nyuki wakawatimua. Nyuki wa Tanga walisimama. Mimi mtoto wa Tanga nilikimbia."

Nikanyamaza. Ningesema nini?

"Alfajiri tukasikia Kiswahili. Tukatoka. Afisa hakutuuliza tulikuwa wapi, maana tulikuwa wengi. Nikapewa sanduku jingine. Nikaenda mguu mmoja una buti, mmoja peku. Siku hiyo, tarehe 11, brigedi ya 208 ilizungukia mbele wakawakata njia, na sisi tukasukuma kutoka huku. Tukashinda. Mwezi mmoja baadaye Kampala ikaanguka. Nilikuwepo."

Nikamwambia, Babu, sasa haya si ndiyo ya kusimulia? Ulirudi! Asubuhi ulirudi!

Akageuza uso akanitazama kama anavyomtazama mteja mizani ikishatulia. Akasema: "Nilikimbia, na nilirudi. Ukiandika nilirudi, usiandike nilikimbia, umenipunja. Ukiandika nilikimbia, usiandike nilirudi, umenipunja vilevile. Andika vyote viwili."

Ndiyo maana, mwanangu mkubwa, nimezitaja zile katoni. Ndiyo maana nimetaja kaka yake. Si utovu wa adabu. Nimeagizwa.

Jambo la mwisho ni la warithi, wameniomba nilitangaze. Wamekaa, wamekubaliana. Madeni yote yaliyo kwenye madaftari, ya sabuni na ya baada ya sabuni, ya majirani, ya wavuvi, ya walimu wenzangu ambao sitawataja lakini wananiangalia, yamesamehewa. Msilete kitu. Isipokuwa, Babu aliusia, mbele ya watoto wake wawili, kwamba deni la mjukuu lisisamehewe hata la kiberiti.

Nimefungua daftari la mwisho. Mwandiko unatetemeka, lakini unasomeka. Ukurasa wa mwisho kabisa, mstari wa mwisho kabisa, kuna jina langu. "Mwalimu. Vocha, 1,000."

Hii hapa elfu moja. Mtoto, shika, mpelekee Bibi dirishani, mwambie apige mstari.

(Hapo mtoto alikwenda, akarudi na ile noti bado mkononi. Sauti ya Bibi ikasikika kutoka ndani, na turubai zima likamsikia: "Geuza ukurasa, Mwalimu. Kuna na mkate.")